Jina la Kiitaliano kwa mtoto wa Lubumbashi: huduma tulizozipima na alama zake

Mzazi wa Katuba au Kampemba anayetaka kumwita mtoto wake Matteo au Chiara, hali ukoo wake hauna Mwitaliano hata mmoja, hakosi mahali pa kuuliza. Simu imejaa orodha za majina, na karibu zote ni za bure. Shida ni kwamba zile zinazojitokeza kwanza ndizo mbovu, na zile za maana zimeandikwa kwa lugha ambazo wengi wetu tunazisoma kwa kubabaisha. Tumezipima zote kwa swali moja: jina lililotoka humo litabaki lilelile likishapita kwenye kalamu ya komine (ofisi ya manispaa), kwenye mdomo wa mwalimu wa darasa la kwanza na kwenye ulimi wa bibi? Tunaanza na zile za kukwepa.

Orodha za mtandaoni na programu za simu: nyota 1 kati ya 5

Ni zile za "majina elfu moja ya Kiitaliano na maana zake". Hunakiliana, kwa hiyo kosa la moja ni kosa la zote. Njia ya haraka ya kuzijaribu ni kutafuta ndani yake majina manne tu: Luca, Andrea, Benito na Bella.

Luca wataliandikia "mleta nuru". Si kweli. Ni jina lilelile la Mwinjili Luka, kutoka Kigiriki Loukas, maana yake mtu wa Lucania, eneo la kusini mwa Italia. Waliochanganya waliona neno la Kilatini lux, nuru, wakadhani ndilo. Mwenye nuru ni Lucia, si Luca. Andrea wataliweka upande wa wasichana, ilhali Italia ni la wanaume tangu zamani, ni yule mtume Andrea wa Biblia yetu. Benito wataliita jina la Kiitaliano cha asili kwa sababu ya Mussolini. Hilo ni umbo la Kihispania: baba yake alimpa mwanawe jina la Benito Juárez, rais wa Mexico. Mwitaliano husema Benedetto. Na Bella ni neno tu, "mrembo", au kifupisho cha Isabella. Humo humo utakuta Roma, Capri na Milano zimepangwa kama majina ya ubatizo, sawa na mtu kuandika kwamba miji yetu ya Likasi na Kipushi ni majina mazuri ya wasichana wa Katanga.

Orodha ikikosea mawili kati ya yale manne, funga. Zinazobaki ni chache sana, na hata hizo hazikwambii namna ya kulitamka jina. Ndiyo maana nyota ni moja, nayo tumeitoa kwa sababu orodha hizi zinafungua hata mtandao ukiwa dhaifu.

Behind the Name: nyota 4

Huu ni mtandao wa Mike Campbell wa Kanada, uko hewani tangu 1996, na kwa kazi hii hatujaona unaoushinda. Kila jina lina ukurasa wake: jinsia, lugha zinazolitumia, asili yake kwa aya moja au mbili, na maumbo yake katika lugha nyingine. Hayo maumbo ndiyo dhahabu kwa mzazi wa huku, kwa sababu yanamruhusu aanze na jina ambalo tayari liko nyumbani.

Huku kwetu mtoto hapewi jina hewani. Hupewa la babu, la shangazi, la rafiki wa baba aliyesaidia siku ya shida. Basi usianze na "majina ya Kiitaliano". Anza na babu. Babu Laurent kwa Kiitaliano ni Lorenzo. Vincent ni Vincenzo, Jacques ni Giacomo, Étienne ni Stefano, Benoît ni Benedetto, Guy ni Guido, Louis ni Luigi, Honoré ni Onorato, Aimé ni Amato. Kwa akina bibi, Claire ni Chiara, Hélène ni Elena, Agnès ni Agnese, Espérance ni Speranza, Immaculée ni Immacolata. Hata Dieudonné, jina ambalo Kongo huwezi kuingia darasani ukalikosa, lina ndugu yake Italia: Diodato, au Adeodato, yaani aliyetolewa na Mungu. Ni majina ya kizamani huko na vijana wa Roma wangecheka kidogo, lakini ni majina halisi, na mzee wako atajisikia amerithiwa. Waitaliano wenyewe walikuwa na desturi hiyohiyo: mtoto wa kwanza wa kiume akichukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Luba wa Katanga hatashangaa.

Kuna mambo mawili yanayopunguza alama. Mtandao ni wa Kiingereza. Ukiufungua kwa kivinjari kinachotafsiri chenyewe, kitatafsiri na majina: Chiara litageuka "wazi", Rosa litageuka rangi ya waridi, nawe utabaki unajiuliza jina limekwenda wapi. Nakili jina kwanza pembeni, halafu ndipo utafsiri maelezo. Jambo la pili ni ile sehemu ya majina yaliyotumwa na wasomaji. Imetengwa na majina yaliyohakikiwa, lakini mtu mwenye haraka haoni mpaka. Usichukue jina la huko kabla ya kulipeleka kwenye huduma inayofuata.

Contanomi ya ISTAT: nyota 4 na nusu

ISTAT ni taasisi ya takwimu ya serikali ya Italia. Chombo chake kinaitwa Contanomi: unaandika jina, unachagua mvulana au msichana, kinakuonyesha ni watoto wangapi waliozaliwa Italia wakapewa jina hilo kila mwaka tangu 1999. Hakina maana wala historia, na hakina haja nazo. Maneno ya kutafuta kwenye ukurasa ni mawili tu: maschio ni mvulana, femmina ni msichana.

Kitumie hivi. Andika jina mara mbili, mara moja upande wa wavulana na mara moja upande wa wasichana. Upande wenye namba kubwa ndio jinsia yake halisi, bila ubishi wa mjomba aliyesoma Ubelgiji. Halafu tazama mstari unavyokwenda. Leonardo uko juu: limeongoza kwa wavulana tangu 2018, baada ya Francesco kutawala kwa miaka mingi. Kwa wasichana Sofia, Aurora na Giulia ndizo zinazogombania juu. Ukitaka jina ambalo Mwitaliano wa leo atalisikia kama la mtoto, si la babu yake, grafu hii itakwambia kabla ya mtu yeyote.

Angalizo moja, na ndilo linalokula ile nusu nyota. Contanomi huhesabu watoto waliozaliwa Italia, wakiwemo wa wageni wanaoishi huko. Kwa hiyo utakuta Adam, Youssef na Rayan wana namba nzuri. Jina kuonekana humo hakulifanyi la Kiitaliano; kukosekana kabisa ndiko kunakosema jambo.

Santi e Beati, na ofisi ya parokia: nyota 4

Kwa familia za Kikatoliki, mtandao wa Kiitaliano wa watakatifu uitwao Santi e Beati ndio unaofaa. Unatafuta kwa jina, unapata kila mtakatifu mwenye jina hilo na tarehe ya sikukuu yake: Lucia 13 Desemba, Rita 22 Mei, Chiara 11 Agosti, Francesco 4 Oktoba, Antonio wa Padova 13 Juni (ambaye, kwa taarifa ya wanaobishana, alizaliwa Lisbon, na jina la kuzaliwa lilikuwa Fernando). Italia siku hiyo huitwa onomastico na wengine huisherehekea kama siku ya kuzaliwa. Umri wa mtakatifu nao unasaidia ukitaka jina lisilo la kale mno: Gianna Beretta Molla, daktari na mama, alitangazwa 2004, Carlo Acutis, kijana wa kompyuta aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15, alitangazwa Septemba 2025.

Wako wanaoamini padri atakataa jina lisilo la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, inataka tu lisiwe jina linalopingana na hisia za Kikristo. Aurora, yaani mapambazuko, au Stella, nyota, hayana tatizo.

Ukiwa mbele ya padri muulize pia matamshi, hasa kama parokia yako ni ya Wasalesiani, maana shirika lao lilizaliwa Torino na wamo mjini hapa tangu 1911, enzi za Élisabethville. Na hapa ndipo hoja ya "kwa nini mnachukua jina la watu?" inapoanguka. Lubumbashi ina akina Jean-Bosco, Savio na Goretti wasiohesabika. Yote matatu ni ya Kiitaliano, na yote ni majina ya ukoo: Giovanni Bosco, Domenico Savio, Maria Goretti. Bosco kwa Kiitaliano ni msitu. Don si jina hata kidogo, ni namna ya kumwita padri, kwa hiyo mtoto anayeitwa Donbosco ameitwa, neno kwa neno, Padri Msitu. Mwitaliano akisikia msichana anaitwa Goretti atashangaa kidogo, kwa sababu sheria ya kwao, amri ya rais namba 396 ya 2000, kifungu cha 34, inakataza jina la ukoo kutumiwa kama jina la kwanza. Inakataza pia mtoto kupewa jina la baba aliye hai, kwa hiyo "Junior" wetu huko asingepita. Hayo yatakuhusu tu ikiwa mtoto ataandikishwa Italia kama raia wa Italia. Hapa hakuna anayekuzuia.

Halafu, hayo majina yanayoitwa ya Kiitaliano yametoka wapi? Matteo, Giovanni na Michele ni Kiebrania. Stefano, Filippo na Sofia ni Kigiriki. Leonardo, Carlo, Alberto na Federico waliletwa na watu wa makabila ya Kijerumani. Waitaliano waliyavalisha irabu mwishoni, basi, kama sisi tulivyofanya Petro na Yohana. Anayekuuliza una damu gani ya Italia, muulize yeye Jean-Pierre wake ana damu gani ya Ufaransa.

Forvo na kalamu ya Kifaransa

Forvo ni mtandao wa sauti: watu wa lugha husika hurekodi neno, wewe unasikiliza. Nyota 4. Sikiliza angalau rekodi mbili, kwa sababu mtu wa Napoli na mtu wa Milano hawaimbi jina kwa namna moja. Lakini kusikia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua litasomwaje hapa, na hiyo hakuna mtandao unaoifanya. Tutaifanya sisi.

Kiswahili na Kiitaliano ni majirani wazuri kuliko watu wanavyodhani. Vyote viwili huandikwa kwa irabu tano zilezile, a e i o u, na vyote hupenda kumaliza neno kwa irabu. Ungeweza kuwaachia Kiswahili peke yake na majina mengi yangepita salama. Kinachoyaharibu ni tahajia ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya komine na ya shule.

C mbele ya e au i ni "ch" ya Kiswahili. Vincenzo ni Vinchenzo, Ciro ni Chiro, Luce ni Luche. Msomaji wa Kifaransa atasema Vansenzo, Siro, na Luce atalimaliza kwa s kavu bila irabu. Ch, kinyume chake, ni "k": Chiara ni Kiara, lakini mwalimu atasoma Shiara. G mbele ya e au i ni "j" yetu nzito, Giulia ni Julia na Gemma ni Jemma. Mfaransa atailainisha, na hapo madhara ni madogo. Gn ni "ny", kwa hiyo Agnese ni Anyeze, na kwa bahati Kifaransa kinakubali. Gli ni "lyi" laini, na Guglielmo hatumshauri mtu yeyote. Sc mbele ya i ni "sh": Priscilla ni Prishilla.

Chiara lina mjadala wake. Wazazi wengine huandika Kiara ili sauti itoke sawa, nayo hutoka sawa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ila k si herufi ya alfabeti ya Kiitaliano, kama zisivyo j, w, x na y; Mwitaliano hataliona kama jina lake. Ukipenda sauti, andika Kiara na usiombe radhi. Ukipenda uitaliano wake, andika Chiara na ujue mtoto atasahihisha walimu miaka 12. Sisi tungechukua Clara, ambalo Waitaliano nao wanalitumia, likasomwa sawa kila mahali.

Mtego mkubwa ni jinsia, na hapa Kiswahili kiko upande wa Italia. Sikio letu limezoea wanaume wanaoishia na -a: Luka, Yona, Isaya, Zakaria, na huyo Andrea. Luca, Mattia, Elia na Andrea kanisani hayamshtui mtu. Kwenye daftari la shule, Andrea litasomwa Andréa na kuwekwa na wasichana. Mbaya zaidi ni yale ya -e. Simone, Michele, Daniele, Gabriele, Emanuele na Raffaele ni wanaume Italia. Karani aliyesoma kwa Kifaransa anaona Simone, Michèle, Danièle, Gabrielle, Emmanuelle, Raphaëlle, na mkono wake utatia F kwenye kisanduku cha jinsia kabla hujafungua mdomo. Watu hudhani hilo ni kosa la kuchekwa tu siku ya kwanza ya shule ("Simone ni huyu mwanaume?"). Herufi hiyo ya jinsia itahama kutoka cheti cha kuzaliwa kwenda kwenye orodha ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, kisha diploma, kisha pasipoti.

Kwa hiyo kwa mvulana yaache hayo sita, hata kama ni mazuri. Kwa msichana, maumbo yake ya kike ni salama katika lugha zote tatu: Simona, Michela, Daniela, Gabriella, Emanuela, Raffaella. Andrea kwa msichana sasa linakubalika hata Italia, baada ya Mahakama ya Kasasioni kuliruhusu 2012, ila mama Mswahili atauliza kwa nini binti ana jina la mtume.

Mkazo hauna haja ya kukukosesha usingizi. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Lucia, Sofia, Maria na Matteo Waitaliano hukaza palepale. Stefano na Monica wao hukaza mapema zaidi, STE na MO, sisi tutakaza FA na NI, na mtoto ataishi. Bibi wa Kiluba naye ana sheria yake: r ya kigeni kwake huwa l. Maria ni Malia tangu zamani, basi Rita atakuwa Lita na Rosa atakuwa Loza. Kama hilo linakukera, chagua jina lisilo na r: Paolo, Tito, Luca, Stella, Elena, Simona.

Kabla hujaridhika, lisikie jina kwa Kiswahili

Huduma zote tano hapo juu zinashindwa hapa, zikiwa zimetengenezwa na watu wasiojua Kiswahili. Lia ni Leah wa Biblia kwa Kiitaliano, jina fupi na la kupendeza. Huku kila mara ukimwita mtoto utakuwa unamwamuru alie. Lea ni afadhali, ni amri kwa mzazi. Pia ni "mcha Mungu", dada wa Pio, na nyumbani litazaa vichekesho vya "na Pia pia aje" mpaka mtoto akue. Mia ni mia. Nina litamfanya kila mtu angoje: nina nini? Jina Mara linapita, ila si kwa mtu anayechelewa.

Vita ni la peke yake. Kilatini na Kiitaliano ni uhai. Kiswahili ni vita. Kwa mtoto wa mashariki ya Kongo neno hilo si la mchezo. Na hapa Lubumbashi, mji wa TP Mazembe, kuna adha ya ziada ya kubeba jina la AS Vita Club ya Kinshasa kila siku ya mechi. Ukipenda maana yake, mvulana mpe Vitale, ndugu wa Vital tunaowajua.

Maana ya Kiitaliano nayo isisahauliwe. Bianca ni nyeupe, Addolorata ni mwenye maumivu, Gennaro litamfanya Mwitaliano yeyote aulize kama baba ni mtu wa Napoli, na Calogero aulize kama ni wa Sicilia. Hakuna dhambi hapo, ni vizuri tu ujue unachokibeba. Ukitaka maana ambayo Kiswahili tayari kinaipenda, yapo: Gioia na Letizia ni furaha, Grazia ni neema, Fortunato ni bahati, Salvatore ni mwokozi, Pasquale ni wa Pasaka, Natale ni Noeli.

Mpaka komine

Sheria ya Familia ya 1987 inataka jina lichotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo, kwa hiyo la Kiitaliano litaingia kama prenom, lile tunaloliita jina la kizungu, baada ya jina na postnom (jina la pili la Kikongo): Ilunga Mwamba Matteo. Wazee wanakumbuka kwamba 1972 majina ya aina hiyo yaliondolewa kabisa kwenye karatasi. Leo hayana tatizo, ilimradi la Kikongo liwepo. Yatamke yote matatu kwa pamoja, kwa sauti, kabla ya kuamua. Mapacha Mbuyi Lorenzo na Kabanga Leonardo wataitwa Lolo wote wawili kabla ya kutambaa.

Kosa huanza materniti, yaani wodi ya kujifungulia, kwenye karatasi ya kuzaliwa. Anayeiandika huandika alichosikia, na komine hunakili karatasi hiyo. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, pamoja na jinsia, umpe muuguzi mwenyewe. Usilitaje kwa mdomo. Kipande kingine kama hicho kipeleke kwenye ofisi ya état civil, ile ya kuandikisha vizazi. Una siku 90 tangu mtoto azaliwe, na uandikishaji ndani ya siku hizo ni bure kwa sheria. Zikipita, cheti hakitoki bila hukumu ya mahakama, na hapo utalipa muda na mafranga.

Kinachopotea kuliko vyote ni herufi mbili zinazofuatana. Kiswahili hakizitamki, kwa hiyo sikio la karani halizisikii: Matteo hugeuka Mateo, Filippo hugeuka Filipo, Raffaella hugeuka Rafaela, Tommaso hugeuka Tomaso au hata Thomas aliyeongezwa o. Alama ya mwisho ya Nicolò, Noè na Giosuè nayo haifiki mbali. Mstari wa chini wa pasipoti hauna alama yoyote, kwa hiyo kama hutaki Nicolo lenye kilema, andika Nicola tangu mwanzo. Usikubali kuambiwa "tutarekebisha baadaye". Cheti kikishatiwa sahihi, kurekebisha ni kazi ya mahakama, na diploma yenye t moja juu ya cheti chenye t mbili ni ya watu wawili machoni pa ofisi yoyote ya viza.

Majina yaliyopita kila kipimo chetu, kuanzia Contanomi hadi daftari la shule, si mengi. Kwa wavulana: Paolo, Marco, Tito, Bruno, Silvano, Leonardo, na Luca kwa anayeweza kuvumilia kuulizwa mara moja kwa mwaka kwa nini si Lucas. Kwa wasichana: Elena, Stella, Clara, Simona, Daniela, Sofia, Serena na Rita; yenye r, hata ya wavulana, ni kama bibi si wa Kiluba. Matteo tumelipa alama nyingi lakini halikufika kileleni kwa sababu ya zile t. Ukilichukua, zihesabu ukiwa bado umesimama mbele ya meza ya karani.